Bandari ya Kale ya Whitby na Kazi Zilizoijenga

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, ndani ya eneo la North Yorkshire, uko mji mdogo wa bandari uitwao Whitby, wenye wakazi wapatao 13,000, ambao umehifadhi umbo lake la zamani kiasi kwamba mtu anayeutembelea kwa miguu, akitoka asubuhi na kurudi alasiri, anaweza kupita mbele ya alama za karibu kila kazi ambayo bahari iliwahi kuwapa watu wa pwani ile. Mazungumzo haya yanafuata njia ya matembezi hayo, kuanzia darajani, kupitia mitaa ya mashariki ya mto, kupanda hadi juu ya jabali penye magofu ya abasia, na kisha kushuka na kuvuka kwenda upande wa magharibi, ambako karne ya 19 iliwajengea wageni nyumba zao. Hoja inayoyaongoza ni kwamba Whitby haikujengwa na mtu mmoja mashuhuri wala na tukio moja kubwa, ijapokuwa ndivyo inavyoelezwa mara nyingi. Ilijengwa na mfululizo wa kazi za mikono, nyingi kati ya hizo zikizaliwa na zile zilizozitangulia, na anayetaka kuielewa bandari ya namna hiyo hana budi kuzijua kazi hizo pamoja na watu waliozifanya.

Kabla ya kuanza kutembea inafaa kueleza jinsi mji ulivyokaa. Mto Esk, unaotoka kwenye nyanda za juu za North York Moors, ambazo ni maeneo mapana yenye upepo mkali, vichaka vifupi na udongo usio na rutuba nyingi, unaingia katika Bahari ya Kaskazini kwa kupita kati ya majabali mawili, na mji umegawanyika pande mbili za mlango huo wa mto. Pwani mahali hapo inatazama kaskazini, si mashariki kama inavyodhaniwa na mtu anayeitazama ramani kwa haraka, na ndiyo maana katika siku ndefu za mwezi Juni jua huonekana likichomoza baharini na kutua baharini. Kwa kuwa nyanda hizo ziliutenga mji na sehemu nyingine za nchi, na barabara za kuzivuka zilikuwa chache na mbovu hadi nusu ya pili ya karne ya 18, bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya wenyeji, na maisha yao yote, tangu chakula hadi ndoa na misiba, yalipangwa kwa kufuata maji na upepo.

Matembezi huanzia kwenye daraja linalounganisha pande mbili za mji. Daraja la sasa, lililoanza kutumika mwaka 1909, lina sehemu mbili zinazozunguka pembeni ili kuacha nafasi ya vyombo kupita, na hufunguliwa kwa kufuata saa za maji: takriban saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa na saa mbili baada yake. Msikilizaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya bamvua na maji mafu, kwa sababu Whitby nayo hutawaliwa na utaratibu huo huo wa maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita nne, hata mashua zilizofungwa kandokando ya gati hubaki zimekalia tope. Daraja hilo pia ndilo mpaka wa bandari mbili: ile ya chini, inayoelekea baharini na yenye magati ya wavuvi, na ile ya juu, ambako leo zimeegeshwa mashua za starehe lakini ambako katika karne ya 18 kingo za mto zilijaa viunzi vya merikebu, maghala ya mbao, karakana za kusokota kamba na za kushona matanga.

Ili kufahamu kwa nini mji mdogo kama huu uliweza kuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kuunda merikebu nchini Uingereza, ni lazima kuanza na madini ambayo leo hayakumbukwi sana, yaani shabu. Shabu, ambayo katika pwani ya Afrika Mashariki hujulikana zaidi kama dawa ya kusafishia maji na ya kupaka baada ya kunyoa, ilikuwa katika Ulaya ya zamani kitu cha lazima kwa wenye viwanda vya nguo, kwa sababu ndiyo iliyoifanya rangi ishike kwenye kitambaa isitoke kwa kufuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 iligunduliwa kwamba majabali ya pwani ya Yorkshire yana mwamba ambao shabu inaweza kupatikana ndani yake, na kwa zaidi ya miaka 250, hadi machimbo ya mwisho yalipofungwa mwaka 1871, mwamba huo ulichimbwa kwa sururu, ukarundikwa juu ya kuni na kuchomwa polepole kwa miezi mingi, ukalowekwa katika mashimo ya maji, na maji yake yakachemshwa kwa makaa ya mawe na kuchanganywa na majivu ya mwani au mkojo wa binadamu uliosafirishwa kwa mapipa kutoka miji mikubwa, London ikiwa mmojawapo. Kazi hiyo ilikuwa chafu na nzito, na iliyabomoa majabali kiasi kwamba makovu yake yanaonekana hadi leo upande wa Sandsend, kilomita chache magharibi ya mji.

Shabu ilihitaji merikebu za kuleta makaa na kupeleka shehena sokoni, na merikebu hizo zikazaa biashara iliyozidi ile iliyozileta. London ilikuwa ikikua, majumba yake yalipashwa joto kwa makaa ya mawe, na makaa hayo yalitoka kwenye machimbo ya mto Tyne, kaskazini ya Whitby. Kwa hiyo wenye merikebu wa Whitby wakajiingiza katika usafirishaji wa makaa kutoka Tyne hadi mto Thames, na mafundi wao wakaunda chombo kilichofaa kazi hiyo. Chombo hicho kilikuwa kipana ubavuni, chenye omo butu, ngama kubwa na, jambo la muhimu kuliko yote, tumbo bapa, ili kiweze kukalia mchanga wakati maji yamekupwa, kipakuliwe, kisha kielee tena maji yanapojaa bila kupinduka wala kuvunjika mkuku. Hakikuwa chombo cha mbio wala cha kupendeza macho, lakini kilikuwa na uvumilivu, na uvumilivu huo ndio uliokuja kukipeleka mbali kuliko waundaji wake walivyokusudia.

Mtu akivuka daraja kuelekea mashariki na kugeuka kulia huingia mtaa mwembamba uitwao Grape Lane, na hapo ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1688 ambayo ilikuwa mali ya John Walker, mwenye merikebu wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi sana magharibi mwa Kenya na ambalo tangu zamani limewafundisha watu wake kukataa vita, ulevi na anasa. Mwaka 1746 Walker alimpokea kijana wa miaka 17, mtoto wa kibarua wa shambani kutoka kijiji cha Marton, ili ajifunze ubaharia, na kijana huyo, James Cook, alifanya kazi katika vyombo vya makaa kwa takriban miaka tisa, akisoma hesabu na elimu ya kuongoza chombo wakati wa majira ya baridi ambapo vyombo vilikuwa vimepumzishwa, kabla ya kujiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1755. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na thamani yake ni kwamba inamwonyesha mgeni ghorofa ya juu chini ya paa, mahali ambapo inaaminika wanagenzi walilala, pamoja na ua wa nyuma unaoishia moja kwa moja kwenye maji ya mto.

Serikali ya Uingereza ilipotaka chombo cha safari ya Bahari ya Pasifiki mwaka 1768, ilinunua chombo cha makaa kilichoundwa Whitby mwaka 1764 katika kiunzi cha Thomas Fishburn, ikakibadilisha jina kuwa Endeavour, na ikamkabidhi Cook uongozi. Vyombo vingine vitatu vya safari zake zilizofuata, Resolution, Adventure na Discovery, navyo vilitoka Whitby. Busara ya uchaguzi huo ilidhihirika mwezi Juni 1770, Endeavour ilipopanda mwamba wa matumbawe kando ya pwani ya mashariki ya Australia na kutoboka, kwa sababu tumbo lake bapa liliwawezesha mabaharia kuipandisha kwenye mlango wa mto, kuilaza mchangani maji yanapopwa na kuiziba, kama ilivyozoea kufanywa katika bandari za makaa. Hata hivyo, haitoshi kuzisimulia safari hizo kwa upande wa mafundi na manahodha peke yao. Kwa wenyeji wa Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki zilikuwa mlango wa kuingilia ukoloni, maradhi na kupokonywa ardhi, na Cook mwenyewe aliuawa Hawaii mwaka 1779 katika ugomvi ulioanza pale alipojaribu kumshika mtawala wa kisiwa ili arudishiwe mashua iliyoibwa. Bandari iliyounda vyombo hivyo ni sehemu ya historia hiyo yote, ya ufundi na ya dhuluma.

Kutoka Grape Lane njia inafuata Church Street, mtaa mrefu wa mawe unaokwenda sambamba na mto, ambao pembeni mwake vichochoro vyembamba, vingine vikiwa havipitishi watu wawili waliopangana bega kwa bega, vinaelekea kwenye nyua zilizobanana nyumba. Ubanaji huo una sababu yake: ardhi tambarare kati ya mto na jabali ni kidogo mno, kwa hiyo wafanyakazi wa bandari walijenga nyuma ya nyumba zilizokuwapo, kisha nyuma ya hizo nyingine, huku wakipandana kuelekea mlimani, na vichochoro vya upande wa pili vikiachwa wazi hadi majini ili watu waweze kuteremsha mizigo na kuchota maji. Uwanja mdogo wa soko ulio katikati ya mtaa una jengo la baraza la mji la mwaka 1788, lililoinuliwa juu ya nguzo ili wauzaji wapate kivuli chini yake. Mpita njia anayeziona leo nyumba hizo zimepakwa rangi na kupambwa kwa maua anapaswa kukumbuka kwamba kwa muda mrefu zilikuwa makazi ya msongamano, unyevu na harufu ya samaki, ambamo familia nzima iliishi katika chumba kimoja.

Katika nyua hizo hizo ndimo kulimokuwa na karakana za jiwe jeusi la mapambo liitwalo jeti. Jeti kwa asili ni mbao: ni mabaki ya miti ya jamii ya araukaria iliyoanguka majini zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, ikazama katika tope na kugandamizwa hadi ikawa nyeusi, nyepesi na yenye kukubali kung'arishwa kama kioo. Watu waliichonga tangu nyakati za kale sana, lakini soko lake lilipanda kupita kiasi baada ya mwaka 1861, Malkia Victoria alipofiwa na mumewe Albert na kuvaa nguo za msiba kwa maisha yake yote yaliyobaki, kwa sababu jeti ilihesabiwa kuwa pambo linalofaa kuvaliwa na mfiwa. Zaidi ya watu elfu moja, wanaume na wavulana, waliishi kwa kuichonga, wakifanya kazi katika vyumba vilivyojaa vumbi na taa za gesi, na mtindo wa mavazi ulipobadilika mwishoni mwa karne, ajira hiyo ikaporomoka kwa haraka ile ile iliyopandia. Mafundi wachache bado wanaichonga, na maduka yanayoiuza yamepangana Church Street.

Mwisho wa mtaa njia zinagawanyika. Kushoto ni Henrietta Street, ambako familia ya Fortune imekuwa ikikausha samaki kwa moshi tangu mwaka 1872: samaki wa heringi hupasuliwa, hutiwa katika maji ya chumvi, kisha huning'inizwa juu ya moto wa vipande na unga wa mbao ndani ya banda ambalo kuta zake zimepakwa lami nyeusi na moshi wa miaka yote hiyo. Harufu ya banda hilo humfikia mtembezi kabla hajaliona. Mtaa wenyewe umekaa chini ya jabali lisilotulia, kwani mwamba wa pwani hii huteleza unapolowa, na mwaka 1787 sehemu kubwa ya jabali iliporomoka pamoja na nyumba zilizokuwa juu yake. Jambo hilo halikuishia karne ya 18: mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya mvua nyingi, udongo ulimomonyoka tena, nyumba kadhaa zikalazimika kubomolewa, na mifupa ya watu waliozikwa juu ya jabali ikaonekana mteremkoni.

Kulia ni ngazi 199 za mawe zinazopanda hadi kanisa la Mtakatifu Maria. Ngazi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Zilikuwa njia ya mji mzima kwenda ibadani na kwenda kuzika, na majukwaa mapana yaliyo kati yake, pamoja na viti vilivyowekwa juu yake, yalikusudiwa kuwapa nafasi wachukuzi wa jeneza kulitua na kupumzika kabla ya kuendelea. Kanisa lililo juu, ambalo kujengwa kwake kulianza mwanzoni mwa karne ya 12, lina mambo ambayo hayaonekani kwa urahisi mahali pengine: viti vya waumini vimezungushiwa mbao na milango kama vyumba vidogo, vingine vikiwa na maandishi kwamba ni vya wageni tu; roshani za mbao zimeongezwa kila upande kadiri watu walivyoongezeka; mimbari ina ghorofa tatu, na nyuma yake zimefungwa pembe za kusikilizia alizotumia mke wa kasisi mmoja wa karne ya 19 ambaye alikuwa na uziwi. Mbao hizo zote zimefungwa kwa ufundi unaofanana sana na wa ndani ya merikebu, na mtu akisimama chini ya roshani hizo hana shida ya kuamini kwamba mji wa mafundi wa vyombo uliijenga nyumba yake ya ibada kwa maarifa yale yale uliyoyajua.

Nyuma ya kanisa yamesimama magofu ya abasia, yaani makao ya watawa yaliyo chini ya abati au abesi. Abasia ya kwanza ilianzishwa mwaka 657 kwa uamuzi wa Oswiu, mfalme wa Northumbria, na kiongozi wake alikuwa mwanamke, abesi Hilda, aliyesimamia watawa wa kiume na wa kike kwa pamoja na ambaye hekima yake ilitafutwa hata na wafalme. Mwaka 664 ndipo ulipofanyika hapo mkutano mkuu wa viongozi wa dini, uitwao sinodi, ulioamua kama Wakristo wa Northumbria wafuate hesabu ya Pasaka ya watawa wa Kiayalandi au ile ya Roma. Ikachaguliwa ya Roma. Katika utawa huo huo alitokea Caedmon, mchunga ng'ombe ambaye anahesabiwa kuwa mshairi wa kwanza wa Kiingereza anayejulikana kwa jina. Uvamizi wa Wadenmaki katika karne ya 9 uliiangamiza abasia hiyo, ikafufuliwa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ikafungwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1539, na kuta zilizobaki, ambazo nyingi ni za karne ya 13 na baada yake, ziliendelea kuwa alama ya mabaharia wanaotafuta bandari, hadi tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Kijerumani zilipoipiga Whitby mizinga na kuzijeruhi tena, siku ile ile ambayo mashambulizi dhidi ya Scarborough, Hartlepool na Whitby yaliua zaidi ya watu 100.

Mtembezi akishuka ngazi na kuvuka daraja anafika kwenye magati ya wavuvi ya upande wa magharibi. Heringi, samaki mdogo wa mafuta anayesafiri kwa makundi makubwa, ndiye aliyewahi kuyajaza magati haya, na pamoja na vyombo vyake walifika wanawake kutoka Uskoti waliofuata makundi hayo kutoka bandari hadi bandari, wakipasua samaki kwa visu vifupi na kuwapanga katika mapipa ya chumvi, vidole vyao vikiwa vimefungwa vitambaa ili visikatike. Uvuvi wa heringi ulikwisha kwa sababu samaki walivuliwa kupita kiasi, na leo tegemeo la wavuvi ni kaa na kambakochi wanaotegwa kwa madema, Whitby ikiwa miongoni mwa bandari zinazoongoza nchini humo kwa kambakochi. Hata tegemeo hilo si la uhakika, kwani katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 2021 kaa na kambakochi wengi waliokufa walitupwa ufukweni kaskazini mwa pwani hii, wavuvi wakapata hasara kubwa, na wataalamu wakashindwa kukubaliana juu ya chanzo chake.

Kuelekea baharini, magati haya yanafuatwa na kuta mbili ndefu za mawe za kuvunja mawimbi, kila moja ikiwa na mnara wa taa, ule wa magharibi ukiwa umejengwa mwaka 1831 na ule wa mashariki katika miaka ya 1850. Kuta hizo zinaeleza hatari kubwa ya bandari: ikiwa inatazama kaskazini, upepo mkali wa upande huo husukuma mawimbi moja kwa moja mlangoni, na chombo kinachokimbilia ndani kinaweza kupigizwa ukutani au miambani. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba ilipoziangusha merikebu nyingi pwani, mashua ya uokoaji ya Whitby, ambayo wapiga makasia wake walikuwa wavuvi wa kujitolea, iliingia majini mara kadhaa na kuokoa watu wa vyombo vitano, lakini ilipotoka tena ikapinduliwa mbele ya macho ya mji, na kati ya watu 13 waliokuwamo wakafa 12. Aliyenusurika, Henry Freeman, ndiye pekee aliyevaa jaketi jipya la uokoaji, lililoshonwa kwa vipande vya lile gome jepesi linalotumika kuzibia chupa. Na badala ya kuiacha bahari, alikuja kuwa nahodha wa mashua ya uokoaji kwa zaidi ya miaka 20 na kuwaokoa mamia ya watu.

Tukio la pili linaigusa pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya kampuni iliyohusika. Tarehe 30 Oktoba 1914, meli ya hospitali Rohilla, mali ya kampuni ya British India, ambayo tangu miaka ya 1870 meli zake zilikuwa zikibeba barua, abiria na shehena hadi Zanzibar na baadaye Mombasa, ilipanda mwamba karibu na Whitby usiku, wakati taa za pwani zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya vita. Ilikuwa na watu 229, nayo ilikatika mbele ya watu waliosimama ufukweni bila uwezo wa kuifikia. Wenyeji waliibeba mashua ya makasia kwa mikono juu ya ukuta wa mawimbi na kuiburuta miambani, wakaokoa watu 35 kwa safari mbili kabla ya mashua hiyo kuharibika. Wengine waliruka majini na kuvutwa na watu waliojifunga kamba na kuingia mawimbini. Na siku ya tatu mashua yenye injini kutoka Tynemouth ikafika na kuwatoa 50 wa mwisho. Zaidi ya 80 walikufa, na msiba huo ulisaidia kuthibitisha kwamba zama za makasia katika uokoaji zilikuwa zimefika mwisho.

Juu ya jabali la magharibi imesimama sanamu ya Cook, na karibu yake tao lililofanywa kwa mifupa ya taya za nyangumi, kumbukumbu ya kazi nyingine iliyofanywa na vyombo vya Whitby kati ya 1753 na 1837, vilipokwenda kila mwaka katika bahari ya barafu ya Greenland kutafuta mafuta ya nyangumi ya kuwashia taa. Mifupa ya sasa iliwekwa mwaka 2003, nayo ilitoka kwa wenyeji wa Alaska. Kutoka katika kazi hiyo walitokea William Scoresby, aliyebuni pipa la kumkinga mlinzi anayekaa juu ya mlingoti, na mwanawe wa jina hilo hilo, ambaye vipimo vyake vya bahari na michoro yake ya chembe za theluji, iliyotolewa katika kitabu cha mwaka 1820, ilikuwa msingi wa elimu ya maeneo ya barafu. Nyumba ndefu zilizo jirani zilianzishwa na George Hudson, tajiri wa reli, baada ya reli kuufikia mji mwaka 1836. Fedha zake zilianguka, na mtaa wake wa nusu duara ukabaki umejengwa kipande tu. Katika mtaa huo alipanga Bram Stoker mwaka 1890, akasoma habari za merikebu ya Kirusi iliyokwama mchangani miaka mitano kabla, na kuitumia katika riwaya yake ya Dracula ya mwaka 1897, ambayo inawavuta wageni wengi hadi leo.

Wageni ndio kazi ya sasa ya Whitby, na kazi hii inatofautiana na zilizotangulia kwa jambo moja zito. Shabu, makaa, nyangumi, jeti na heringi, pamoja na ukali wake wote, zilihitaji watu waishi ndani ya mji. Utalii unaweza kuendelea hata wenyeji wakihama, kwa sababu nyumba zile zile za Church Street na nyua zake, ambazo zamani zilikuwa za mabaharia na wapasua samaki, leo zina bei ambayo mvuvi kijana haiwezi, na nyingi hufunguliwa kwa wageni wa siku chache tu na kufungwa msimu unapokwisha. Mwezi Juni 2022 wakazi walipiga kura ya maoni, isiyo na nguvu ya kisheria, kuhusu kuzuia nyumba mpya zisiuzwe ila kwa watu watakaoishi humo mwaka mzima, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliopiga kura waliunga mkono. Kura hiyo inastahili kusikilizwa kuliko tangazo lolote la kitalii, kwa sababu mashua ya uokoaji haiendeshwi na watalii, wala madema hayategwi na mwenye nyumba anayeishi London.

Msikilizaji atakayepata nafasi ya kufika Whitby na aende kwa miguu, aangalie kwanza jedwali la maji, wala asipite chini ya jabali la mashariki maji yanapojaa, kwa kuwa watu wengi wamezingirwa hapo. Anunue samaki kwa wanaomkausha na jeti kwa anayeichonga, akilala alale kwa mwenyeji, na aulize habari za kazi kabla ya kuuliza habari za riwaya. Wenye mamlaka juu ya mji huo nao wana wajibu ulio wazi: kuhakikisha kwamba watoto wa wavuvi wanaweza kupata nyumba ya kuishi katika bandari iliyojengwa na wazee wao.